Vileja vya usiku wa mwezi: unga mmoja, matokeo matatu

Kisa chenyewe ni cha usiku mmoja tu, usiku wa kuamkia Idi el-Fitri iliyopita, ila kimenikaa kichwani muda mrefu kwa sababu unga ulikuwa mmoja, umekandwa kwenye bakuli moja na mikono ileile, afu ukatoa vitu vitatu ambavyo ukiviweka mezani mtu hawezi kuamini vina mama mmoja. Fungu la kwanza lilitapakaa likawa kama chapati ya maji. La pili likapasuka na kugeuka vumbi. La tatu ndo vikatoka vileja, zile biskuti za unga wa mchele, vya kumpelekea mtu kwenye sahani bila kuona aibu. Mi ni mhasibu, hesabu isipobalansi silali, kwa hiyo nikaanza kutafuta shilingi imepotelea wapi.

Kwanza mjue hali ya nyumba. Tunakaa Mbagala hapa Dar, kazini kwangu ni Posta katikati ya jiji, mume wangu anafanya kazi mkoani anakuja kwa mwezi mara moja, watoto watatu: binti wa miaka 13, wa kiume wa miaka 9, na kitinda mimba wa miaka 4 ambaye hakuna kitu cha jikoni asichotaka kukishika. Ramadhani ile mama mkwe alikuja kukaa nasi mwezi mzima, mtu wa Unguja, mwanamke ambaye vileja kaanza kuvikanda kabla mi sijazaliwa. Nikaona bahati yangu, mwaka huu hatununui biskuti za kupimiwa kwa jirani, tunaoka wenyewe.

Kosa la kwanza nalitaja haraka maana ni la kijinga. Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, kila mtu anajua, hata mtoto wangu wa 9 anajua, na mi nilipanga kuoka siku ya 30. Yaani mhasibu mzima nimeweka bajeti kwenye siku ambayo huenda isiwepo! Ofisini ilikuwa wiki ya kufunga hesabu, nikajiambia siku hiyo naomba ruhusa natoka saa 8 mchana, nafika nyumbani naoka kwa raha zangu. Siku ya 29 nimerudi nimechoka, tumefuturu, naosha vyombo, saa 3 kasoro hivi usiku kelele za watoto zinaanza mtaani, redio ya jirani imefunguliwa mpaka mwisho, mwezi umeandama. Kesho Idi. Jikoni nina unga wa mchele kilo 1, samli, mayai na iliki, sukari haijasagwa, unga haujachekechwa, na kanzu ya kijana haijapigwa pasi.

Sasa hapa ndo twende taratibu, maana kila kitu kilichoharibika kiliharibika ndani ya nusu saa ya mwanzo.

Kipimo tulichotumia ni cha mama mkwe: unga wa mchele kilo 1, samli nusu kilo, sukari nusu kilo iliyosagwa laini, viini vya mayai 8, iliki ya kutosha, na maji ya mawaridi vijiko kadhaa. Kwa hesabu yangu hapo unapata vileja kama 105 vya saizi ya kawaida. Kipimo hakina shida, na hilo naliweka wazi mapema kwa sababu watu wengi biskuti zikiharibika wanakimbilia kulaumu kipimo, mara punguza mayai mara ongeza hamira, wakati kipimo kinaweza kuwa sawa kabisa na wewe ndo una haraka.

Wanaojua kazi hii wanaweka samli na sukari kwenye bakuli pana afu wanapiga. Mama mkwe anatumia mkono, viganja vinazunguka mpaka samli inaacha ule umanjano inakuwa nyeupe, inaumuka, ukiinua mkono inabaki imesimama kidogo kwenye vidole. Hiyo kazi inachukua dakika 15 mpaka 20 na bega linauma kwelikweli. Samli ya Dar nayo mnaijua, kopo likikaa kabatini ukilifungua unakuta nusu maji, nusu chengachenga. Mi nikaangalia saa, nikaangalia kopo, nikamimina samli yote kwenye sufuria nikaiweka jikoni dakika 2 ikawa maji kabisa, nikaimwagia sukari, nikakoroga kwa mwiko, ikachanganyika vizuri tu, nikajiona mjanja.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda pale mlangoni anachambua iliki. Akauliza, "Mama watoto, umeipika samli?"

Nikamjibu, "Nimeilainisha tu mama, ilikuwa imeshikana."

Akasema, "Haya."

Wenye wakwe mnaijua hiyo haya.

Nikaweka viini, iliki, maji ya mawaridi, nikamalizia na unga. Donge likashikana lakini lilikuwa na joto, linang'aa mafuta, ukilibinya linaacha mafuta kiganjani. Nikaligawa mafungu matatu kwa sababu trei yangu inachukua 35. Watoto wakaitwa. Binti anaviringisha, wa kati anabonyeza na uma, kitinda mimba kapewa kazi ya kitone cha rangi nyekundu katikati, kazi ambayo aliifanya ametoa ulimi nje, kidole kimoja kwa kila kileja, na vingine akavipa vitone viwili kwa sababu aliviona vizuri zaidi.

Oveni nikaiwasha 180, ndo ninayotumia kwa keki, sikufikiria mara mbili. Trei ikaingia. Dakika ya tano nimeinama naangalia kwenye kioo, naona vile vitone vyekundu vinatembea. Sitanii, kitone kilikuwa katikati ya kileja, kileja kinapungua kimo kinapanuka, ukingo wa huyu unamgusa mwenzake, wanashikana, dakika ya kumi trei nzima ni shuka moja la njano lenye madoa mekundu 35 na ushee. Mtoto wa kati akasema, "Mama, vimekuwa familia moja."

Hapo mtu mwenye akili timamu angekaa chini dakika mbili. Mi nikaona jibu liko wazi, unga ni mlaini, basi ongeza unga. Fungu la pili nikalimwagia unga wa mchele uliokuwa umebaki kwenye kopo la zamani, vikombe viwili hivi, nikalikanda mpaka likaacha kung'aa. Vikaingia, kweli havikutapakaa, vikakaa kimo kilekile, ila juu vilipasuka kama tope la mtoni lililokauka jua. Nilipoingiza kisu kuvinyanyua vikamong'onyoka. Cha kwanza unga, cha pili unga. Kimoja kilichokuwa kizima nikakitia mdomoni, kikanikausha mate yote, na ladha ni ya unga mbichi.

Wakati hayo yanaendelea, binti alitaka meza kwa ajili ya pasi. Akalichukua fungu la tatu, akalifunika na sahani, akalitia kwenye friji. Hakuna aliyemtuma. Anapiga pasi, oveni inawaka, feni inazunguka, saa 5 na robo hivi nyumba nzima giza. Nikachungulia nje, kwa jirani taa zinawaka. LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, imeisha. Oveni yangu ni ya wati 2,000, yaani ikiwaka mfululizo lisaa limoja inakula yuniti 2, na pasi nayo si mchezo, mi asubuhi niliona zimebaki 3 na pointi nikasema nitanunua jioni. Nikanunua kwa simu, hela ikakatwa, tokeni haiji. Usiku wa Idi kila mtu ananunua kitu kwa simu, nikakaa naangalia simu kama naangalia mgonjwa.

Mama mkwe akainuka kwenye kigoda. "Lete jiko la mkaa. Tupalie."

Kwa mliozoea oveni za kubonyeza, kupalia ni kuoka kwa makaa juu na chini. Tukachukua sufuria kubwa la pilau, tukatia mchanga mkavu chini kama inchi moja, kuna jirani anajenga hapo mbele, kijana akakimbia na ndoo. Juu ya mchanga kitrei kidogo cha bati, mfuniko wa bati juu yake, na juu ya mfuniko ndo makaa mengi, chini machache. Hiyo ndo siri yake, moto wa chini unapanda wenyewe, moto wa juu ndo unaoivisha uso, ukiweka sawa kwa sawa chini kunaungua. Na sisi tuliunguza kweli, trei ya kwanza ya 8 ilitoka ina makalio meusi, mama mkwe akachomoa makaa mawili chini kwa koleo, akaongeza matatu juu, akanikataza kufunua funua.

Lakini kabla ya moto, kuna kitu nilikiona wakati natoa donge kwenye friji na sikukijali. Lilikuwa limekaa humo zaidi ya lisaa na nusu, na umeme ulipokata friji ilibaki imefungwa kwa hiyo baridi ilikuwepo. Donge lilikuwa gumu. Nilipokata kipande hakikuacha mafuta mkononi. Nikiviringisha kinakuwa kigololi, nikibonyeza kwa kidole gumba ukingo unachanika kidogo tu halafu unakaa hapohapo. Ni donge lilelile, halijaongezewa kitu! Ukiligusa ungesema limekandwa na mtu mwingine.

Tukaoka mpaka saa 8 usiku, uani, watoto wawili wadogo wameshalala kwenye mkeka, mi na mama mkwe na binti. Vileja 35, ukitoa vile 8 vya makalio meusi, 27 vizuri, vyeupe juu, chini rangi ya mchanga, ukiuma vinatawanyika mdomoni taratibu afu iliki inakuja nyuma. Tokeni iliingia saa 7 na dakika kadhaa, hatukuhangaika hata kwenda kuiingiza.

Asubuhi baada ya swala ya Idi, vile vileja 27 vikagawanywa kwenye sahani za majirani, wageni wakapewa visheti vya kununua, watoto wakavunja lile shuka la kwanza wakalila na chai kabla ya kwenda kudai mkono wa Idi, na ule unga wa pili mama mkwe aliukoroga kwenye maziwa ya moto akamnywesha kitinda mimba kama uji. Hakuna kilichotupwa. Kila aliyesifia, mama mkwe alimpa maelezo yaleyale: "Ni mkaa. Umeme haujui kuoka kileja."

Mi nami niliamini siku mbili tatu. Afu nikawa nawaza kwenye daladala, mbona vile 8 vilivyoungua navyo havikutapakaa? Moto ulikuwa mkali chini, mbaya kabisa, lakini umbo lilikaa. Kama mkaa ndo dawa, mkaa uliokosewa ungeharibu na umbo pia. Nikaona kuna vitu vimebadilika pamoja usiku ule, moto umebadilika, na donge limebadilika, na sisi tumempa sifa mmoja kwa sababu ndo aliyeonekana kwa macho.

Jumamosi iliyofuata, wengine wanafunga zile siku sita za baada ya Idi, mi nikaomba jiko. Nusu kilo ya unga, kipimo kilekile nusu kwa nusu, samli nikaiyeyusha makusudi kama usiku ule. Donge nikaligawa mara mbili, moja likaingia oveni hapohapo, moja likaenda friji lisaa na nusu, zote oveni ileile, safari hii moto 160 badala ya 180. La kwanza likatapakaa, si shuka kama siku ile lakini vilikuwa bapa, vingine vimeshikana. La friji likasimama. Oveni ya umeme, hakuna hata chembe ya mkaa. Afu nikachukua robo kilo nyingine ya unga, samli tukaipiga na sukari kwa mkono dakika 15, mi na kijana kwa zamu, bila kuiona moto, sikuweka friji kabisa, nikaoka. Navyo vikasimama, na ndani vilikuwa laini kuliko vyote, mpaka leo ndo ninavyovikumbuka.

Kwa hiyo naielezea hivi. Samli ni mafuta karibu matupu, tofauti na siagi ya kopo ambayo ina maji ndani yake, na inaanza kulegea kwenye joto la nyuzi 30 na kitu, ambalo ndo joto la jiko langu oveni ikiwa inawaka. Ukiipiga ikiwa imeshikana unaingiza hewa, vipovu vidogo vidogo ambavyo sukari inasaidia kuvitengeneza, ndo maana inageuka nyeupe. Ukiiyeyusha hakuna pa kushika hewa, una mafuta ya maji yamelowesha unga, yakikutana na moto mkali yanatiririka kabla viini havijakaza. Friji haiwezi kurudisha hewa iliyokosekana, ila inagandisha samli ili kileja kipate muda wa kukaza kabla hakijatiririka. Na kuna jambo la pili la unga wenyewe, mchele unakunywa taratibu sana, ule unga ulipokaa lisaa na nusu ulipata muda wa kunywa yale maji ya viini na mawaridi, na hilo nalo likasaidia donge kukaza.

Fungu la pili lilikufa kwa sababu nyingine. Unga wa mchele hauna ule mvutano wa ngano unaoshika andazi, gundi pekee iliyopo ni viini na samli. Mi nilipoongeza vikombe viwili vya unga niliipunguza gundi, nikajenga ukuta wa matofali bila saruji. Ningeongeza viini basi pengine ungesalimika, ila nilichotakiwa kuongeza usiku ule ni subira tu, na ndo kitu ambacho nyumbani kilikuwa kimeisha kabla ya LUKU.

Kuhusu watoto, nimesikia watu wanasema ukitaka kazi iishe wafukuze. Nimekagua upande wao wa hesabu. Walichonigharimu ni saizi, binti anaviringisha vikubwa, mdogo wake akishika anatoa vya saizi ya gololi, vikiwa trei moja vidogo vinaungua vikubwa bado. Kijiko kimoja cha chai cha kupimia kikamaliza tatizo. Walichonipa ni lile fungu kwenye friji, maana kama binti asingetaka meza kwa ajili ya kanzu ya mdogo wake, saa hizi nisingekuwa na kisa cha kuandika, ningekuwa na trei tatu za hasara. Na yule wa miaka 9 kumbe ana bega zuri, Jumamosi ile nilimwachia bakuli, akapiga samli nusu ya muda wote huku anahesabu kwa sauti.

Kilichonikera zaidi nilipokaa kuandika muda, ni kwamba usiku ule nilihisi nahitaji masaa manne ya mfululizo ambayo sina na sitakuwa nayo mpaka wamalize shule. Nikiangalia kazi zenyewe, hakuna inayodai masaa manne. Kusaga sukari na kuchekecha unga ni dakika 10 siku yoyote, unatia kwenye makopo unasahau. Kupiga samli na kukanda ni nusu saa baada ya futari, donge linalala friji na tena linakuwa bora kwa kulala. Kesho yake watoto wanaviringisha wakati mi nipo tarawehe, nikirudi ni dakika 18 kwa kila trei, natazama kioo tu. Kileja hakina maji mengi, ukikifunga vizuri kwenye kopo lisilopitisha hewa wiki mbili kinakaa, kwa hiyo sina sababu ya kusubiri mwezi. Mwaka huu nimeshaandika kwenye kalenda ya jikoni, tarehe 24 ya Ramadhani kukanda, 25 kuoka, mwezi uandame siku ya 29 au 30 ni juu yake.

Yale majaribio ya Jumamosi nilimpelekea mama mkwe sahani yenye aina mbili, vya friji na vya kupigwa, sikumwambia kipi ni kipi. Akaanza na cha friji, akatafuna polepole, akachukua cha kupigwa, akakimaliza, akachukua kingine cha kupigwa. Nikamwambia, mama, vyote hivyo ni umeme.

Akafuta vidole kwenye kanga. "Vizuri," akasema. "Lakini vya siku ile vilikuwa na harufu."

Na hapo sikuwa na la kumjibu, maana kweli vilikuwa nayo, ile harufu ya moshi kwa mbali iliyoingia kwenye iliki, na oveni yangu nimeijaribu kila namna haiitoi.